Bezaleli Alipewa Pia Kufundisha: Historia ya Kumwandaa Mwalimu wa Ufundi katika Nyanda za Kati za Tanzania

1. UTANGULIZI

Kitabu cha Kutoka kinaposimulia ujenzi wa hema ya kukutania kinataja karama mbili alizopewa Bezaleli mwana wa Uri. Ya kwanza tumeihubiri mara nyingi, nayo ni akili na maarifa ya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Ya pili huwa tunaipita haraka. Katika sura ya 35, mstari wa 34, tunaelezwa kwamba Mungu alitia moyoni mwake, yeye na Oholiabu wa kabila la Dani, uwezo wa kuwafundisha wengine. Mwandishi wa kale hakuchukulia kuwa kila fundi hodari ni mwalimu. Aliona kwamba kufundisha kazi ya mikono ni karama ya peke yake, na akaitaja kwa jina lake.

Niliuelewa mstari huo baada ya kukosea. Nilipokuwa mchungaji wa usharika mmoja katika nyanda hizi za kati, tulianzisha kituo kidogo cha useremala kwa vijana waliomaliza darasa la saba. Tulipata msaada wa randa, misumeno, patasi na jiliwa, tukamwajiri seremala aliyesifiwa kuliko wote katika eneo lile. Mimi ndiye niliyempendekeza mbele ya baraza la wazee. Kazi yake ilikuwa njema, lakini kila kijana aliposhika randa vibaya, fundi wetu aliichukua mkononi mwake na kumalizia kazi mwenyewe. Makabati yaliyotoka pale yalikuwa mazuri, na karibu yote yalikuwa yake. Mwaka wa pili ulipokwisha alinijia jioni, akasema: “Baba Mchungaji, kazi naijua. Kumwambia mtu namna ninavyoijua ndiko kunanishinda.” Mwezi uliofuata akaaga. Vijana wakatawanyika, na vifaa vikafungiwa stoo.

Kwa muda mrefu nililaumu mshahara mdogo, kisha wazazi, kisha vijana wenyewe. Sasa nakiri kwamba kosa lilikuwa letu tuliomwajiri. Tulimtafuta fundi, tulitafuta vifaa, tulitafuta jengo, wala hatukuuliza ni nani amemwandaa mtu huyu awe mwalimu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo limesahauliwa mara kwa mara katika historia ya Dodoma na maeneo jirani, na kwamba kila liliposahauliwa, gharama yake ililipwa na vijana.

2. FUNDI NA MWALIMU: SHINA MOJA LILILOGAWANYIKA

Lugha yetu yenyewe inashuhudia kwamba mambo haya mawili hapo mwanzo yalikaa pamoja. Fundi, ufundi, kufunda, kufundisha, funzo na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja. Huko Visiwa vya Komoro mpaka leo fundi ni mwalimu, hata yule anayewafundisha watoto Kurani. Neno mwalimu lilitujia kutoka Kiarabu, na kwa matumizi yetu likashika kitabu na ubao; fundi akabaki na nyundo. Katika makanisa yetu mgawanyiko huo ulizidi, kwa sababu mwalimu alikuja kuwa ndiye mwinjilisti, mtu wa katekisimu na ibada ya Jumapili.

Katika jamii za asili mgawanyiko huo haukuwapo kwa kiasi hicho. Huko Haubi, katika milima ya Kondoa, kumeonekana ushahidi wa uyeyushaji wa chuma wa zamani, na Warangi walijulikana kwa uhunzi. Mhunzi alimfunza mwanawe au mpwa wake kwa miaka mingi. Mtoto alianza kwa kuvuta mivukuto, akaendelea kuchochea moto, mwishowe akapewa kupiga chuma. Njia hiyo ilikuwa na nguvu moja kubwa, nayo ni muda. Mwanagenzi hakuhitaji maelezo mengi kwa kuwa alikaa na fundi tangu utotoni. Lakini njia hiyo haiwezi kuhamishwa tu na kuwekwa katika chuo cha miaka 2, ambamo mtu mmoja anasimama mbele ya vijana 20 wasio wa ukoo wake. Muda unapopungua na wanafunzi wanapoongezeka, pengo hilo halina budi kuzibwa na maandalizi ya mwalimu. Hapo ndipo historia yetu inapoanzia.

3. ALEXANDER MACKAY NA BARABARA YA MPWAPWA

Mtu wa kwanza anayejulikana kupita katika nchi hii akiwa ameandaliwa pande zote mbili, yaani ualimu na ufundi, ni Alexander Mackay wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Alizaliwa Scotland mwaka 1849, mwana wa mchungaji. Alisoma kwanza katika chuo cha ualimu cha Free Church huko Edinburgh, kisha akasomea uhandisi, akashinda pia katika karakana za Leith akijifunza kwa mikono. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin katika kiwanda cha mitambo. Alipojitoa kwa kazi ya misheni alieleza kwamba angependa kuutumia uhandisi wake pamoja na Injili. Alifika Zanzibar mwaka 1876.

Katika safari yake ya kwanza ya bara aliugua homa, akalazimika kurudi pwani. Mwaka 1877 alipewa kazi ya kufungua barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa maili zipatazo 230. Aliifanya kazi hiyo kwa shoka, mapanga na vibarua wachache, akikata vichaka na kuvuka mito. Barabara ilifika Mpwapwa. Hata hivyo magari ya ng'ombe hayakustawi katika njia zile za bara, kwani mbung'o waliwaua wanyama. Mackay akaendelea na safari, na mwaka 1878 akafika Buganda. Huko alipiga chapa, akafua vyuma, akafundisha vijana kusoma na kufanya kazi, na watu wakamwita Mzungu wa kazi. Alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwezi wa Februari mwaka 1890.

Mambo mawili katika maisha yake yanatuhusu. Kwanza, wasifu wake unadhihirisha kwamba mwalimu wa ufundi huandaliwa mara mbili: mara moja katika karakana na mara moja katika elimu ya kufundisha. Pili, karibu na mwisho wa maisha yake Mackay aliandika akipendekeza vianzishwe vyuo vichache vyenye nguvu, ambavyo vingewaandaa Waafrika wawe walimu wa wenzao, badala ya kuwasambaza wageni wachache katika vituo vingi dhaifu. Alikufa kabla ya kuona jambo hilo. Hapa kwetu aliacha njia, hakuacha chuo. Njia bila mtu wa kuitengeneza hurudi kuwa kichaka.

4. KONGWA NA KINAMPANDA: WALIMU WA NENO

Kituo cha CMS cha Mpwapwa, kilichoanza mwaka 1876 na kuimarishwa mwaka 1878, kilizaa vituo vingine katika Ugogo, vikiwemo Mvumi na Kongwa. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mmisionari kutoka Kanada aliyeitwa Westgate alifungua Kongwa chuo cha kuwaandaa walimu Waafrika, kilichoitwa Huron kwa kumbukumbu ya dayosisi ya kwao. Kwa upande wetu Walutheri, Misheni ya Leipzig ilianza kazi Iramba mwaka 1911, na mwaka 1926 kazi hiyo ikachukuliwa na Misheni ya Augustana ya Marekani. Baadaye Kinampanda pakawa na chuo cha ualimu cha misheni ambacho jina lake linajulikana hadi leo.

Vyuo hivi vilifanya kazi kubwa, wala sina nia ya kuidharau. Walimu waliotoka humo walibeba Kanisa mabegani wakati wa vita, wamisionari wa Kiingereza walipofungwa na Wajerumani na walimu Waafrika wenyewe wakateswa. Lakini tuangalie waliandaliwa kwa kazi gani. Waliandaliwa kufundisha kusoma, kuandika, hesabu na katekisimu. Kazi za mikono zilikuwapo katika kila kituo, maana makanisa, shule na hospitali zilijengwa na mafundi waliojifunza papo hapo, wakichoma matofali na kupasua mbao chini ya usimamizi wa mmisionari. Jengo lilipokwisha, mafunzo nayo yakaisha. Mwalimu aliandaliwa chuoni, fundi aliokotwa kazini, na hakuna aliyewaza kumpeleka fundi chuoni akajifunze kufundisha.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dkt. James Aggrey, mzaliwa wa Pwani ya Dhahabu, ambayo ndiyo Ghana ya leo. Taarifa yake, iliyotoka mwaka 1925, ilisisitiza kwamba elimu ilingane na maisha ya watu: kilimo, afya, ufundi na nyumba. Mwaka huohuo kule Kabete, Kenya, ilianzishwa Shule ya Jeanes, ambayo ilileta wazo jipya la kumwandaa mwalimu wa kuzunguka vijijini na kuwasaidia walimu wengine katika mambo hayo ya maisha. Waafrika wengi walilipokea shauri la tume kwa mashaka. Waliona kwamba elimu ya mikono ingetumika kuwazuia wasipate elimu ya kitabu, ambayo ndiyo iliyofungua milango ya ofisi na vyeo. Mashaka hayo yalikuwa na msingi, kwa kuwa Wazungu waliosifu ufundi kwa Waafrika hawakuwapeleka watoto wao huko. Hatuna budi kulikumbuka jambo hili tunaposhangaa kwa nini wazazi wa Dodoma, hadi siku za karibuni, walimpeleka chuo cha ufundi mtoto aliyeshindwa mtihani tu.

5. KONGWA YA PILI: MASHINE BILA WALIMU, 1947–1951

Kongwa ile iliyofundisha walimu wa Neno ilipata umaarufu wa namna nyingine baada ya Vita ya Pili. Serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, iliamua kulima karanga katika Tanganyika kwa mashine. Mpango ulikusudia ekari 3,210,000 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yalinunuliwa katika mabaki ya vita, mengine kutoka Ufilipino, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Mwezi wa Januari mwaka 1951 mpango ulitangazwa kufutwa, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi.

Sababu za anguko hilo zimeelezwa mara nyingi: mvua haba, udongo unaokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mizizi ya miti isiyong'oka, na haraka ya wanasiasa. Kwa kusudi la makala hii nataja sababu moja ambayo haitiliwi mkazo wa kutosha. Mashine zilifika kabla ya karakana, na karakana kabla ya walimu. Vijana wa Kigogo na wa makabila mengine, ambao wengi wao hawakuwa wamepata kugusa usukani, walifundishwa kwa haraka kuendesha mitambo mizito na wanajeshi wa zamani wasiojua lugha yao. Waliambiwa hiki kivute, kile kikanyage. Sababu ya kuvuta na kukanyaga hawakuambiwa. Mitambo, ambayo tangu kununuliwa ilikuwa imechakaa, ikavunjika, na sehemu kubwa ikasimama ikingoja vipuri na mafundi. Hapo ilikuwa rahisi kwa wakubwa kusema kwamba Mwafrika hana akili ya mashine.

Kwamba hilo halikuwa lazima litokee, tunaweza kuona kwa mfano wa Marekani miaka 30 kabla yake. Wakati wa Vita ya Kwanza nchi hiyo ilihitaji meli nyingi kwa ghafula, na viwanda vya meli vikajaa watu wasiojua kazi. Charles Allen, mtaalamu wa elimu ya ufundi, alipendekeza wachaguliwe mafundi hodari wa viwanda vilevile, wapewe kwanza mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha, ndipo wakabidhiwe wanafunzi. Katika kitabu alichotoa mwaka 1919 aliyapanga mafunzo katika hatua 4: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwacha aifanye, na kumpima. Wakati wa Vita ya Pili njia hiyo iliendelezwa, ikaenea hadi viwanda vya Uingereza yenyewe. Maana yake ni kwamba maarifa yalikuwapo huko London wakati mpango wa Kongwa ulipobuniwa. Kilichokosekana ni kufikiri kwamba watu wa Kongwa nao walistahili walimu walioandaliwa.

Mashamba yale baadaye yakawa ranchi ya ng'ombe, na miaka ya 1960 sehemu ya Kongwa ikawapa hifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Serikali ya kikoloni kwa upande wake ilianza kuona umuhimu wa shule za ufundi. Ifunda, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, ilifunguliwa shule ya ufundi mwaka 1951, kisha Moshi mwaka 1957, mwaka ambao pia Taasisi ya Ufundi ya Dar es Salaam ilianza. Kijana wa Dodoma aliyetaka ufundi wa shuleni alipanda treni au basi akaenda mbali. Na walimu aliowakuta huko wengi wao walitoka Uingereza.

6. BAADA YA UHURU: UFUNDI KWA WOTE, MWALIMU KWA WACHACHE

Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba tulipopata Uhuru nchi ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Mwezi wa Machi mwaka 1967 alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka kila shule iwe pia mahali pa kazi, yenye shamba na karakana. Nia ilikuwa njema, tena ilijibu yale mashaka ya mwaka 1924, kwa sababu sasa kazi ya mikono ilikusudiwa kwa watoto wote. Lakini mwalimu wa shule ya msingi aliyekabidhiwa karakana alikuwa ameandaliwa kufundisha hesabu na historia. Akafanya alichoweza: akawatuma watoto kulima. Ndipo katika mawazo ya wengi neno kujitegemea likawa jembe, na mara nyingine likawa adhabu.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vilianzishwa vituo vya ufundi kwa waliomaliza shule ya msingi, vikifundisha useremala, uashi, uhunzi na maarifa ya nyumbani. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Katika nyanda zetu tunavyo Chisalu katika Mpwapwa, Munguri katika Kondoa na Msingi katika Iramba ya zamani. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974 ilileta Idara ya Taifa ya Mafunzo ya Ufundi chini ya Wizara ya Kazi, pamoja na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Na kwa kuwa mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, mahitaji ya waashi, mafundi bomba na mafundi umeme katika mji huu yakaongezeka.

Majaribio ya ufundi yalikuwa hatua kubwa ya haki, maana fundi wa mtaani aliweza kupimwa na kupata cheti. Lakini yalileta pia kosa jipya. Mwenye daraja la kwanza alionwa kuwa amekwisha kuwa mwalimu. Cheti kilithibitisha kwamba anaweza kujenga ukuta ulionyooka; hakikusema lolote kuhusu kumwongoza kijana ambaye ukuta wake umepinda. Katika vituo vingi vya vijijini mwalimu alibaki peke yake, bila mbao, bila saruji na bila mtu wa kumwendeleza.

Sheria ya mwaka 1994 ilianzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo sote tunaijua kwa jina la VETA. Kwa suala letu, tunda lake la maana kuliko yote ni Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, ambacho kazi yake hasa ni kumchukua mtu mwenye stadi na kumfanya mwalimu. Kwa mara ya kwanza katika historia niliyoisimulia, maandalizi yale mawili ya Mackay yalipatiwa nyumba katika nchi hii, tena si mbali na Dodoma.

7. USHUHUDA WA KANISA KATIKA NCHI NYINGINE

Wasomaji wa jarida hili wanaweza kuuliza kama jambo hili ni la Kanisa. Historia inajibu. Johann Julius Hecker, aliyekulia katika uamsho wa Halle, alikuwa mchungaji wa Kilutheri katika Kanisa la Utatu mjini Berlin. Mwaka 1747 alifungua shule ya mambo halisi, ambamo vijana wasiokusudia kwenda chuo kikuu walijifunza hesabu, michoro, mitambo na kazi za uchumi. Haukupita muda, na mwaka 1748 akaanzisha seminari ya walimu. Hecker alikuwa mchungaji wa usharika kama wengi wetu, naye alitambua upesi kwamba shule ya namna mpya haiwezi kudumu kwa walimu wa namna ya zamani.

Mfano wa pili unatoka kwa ndugu zetu Wakatoliki. Padre Yohane Bosco alifungua karakana za ushonaji na utengenezaji wa viatu mjini Turin mwaka 1853. Mwanzoni alitegemea mafundi wa kuajiriwa, akapata taabu nyingi, kwani wengi waliwaona vijana kama vibarua. Pole pole akawaandaa mabradha wa shirika lake wawe ndio walimu wa karakana. Wasalesiani walipofika Tanzania mwaka 1980 walikuja na desturi hiyo, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa vituo vyao vya kwanza. Yeyote aliyepita Don Bosco ya Dodoma ameona mashine nzuri. Mimi naona kwamba siri ya kudumu kwake haipo katika mashine, bali katika watu walioandaliwa kukaa na vijana.

Tunao pia urithi wa Luther mwenyewe, aliyefundisha kwamba wito wa Mungu haumhusu mtawa na kasisi peke yao, bali pia mshona viatu na mhunzi. Fundisho hilo tunalijibu vizuri katika mtihani wa dogmatiki. Lakini tunapogawa fedha za dayosisi, mwinjilisti hupelekwa chuo cha Biblia miaka 2, na mwalimu wa uashi huajiriwa jioni akaanza kazi asubuhi.

8. MWALIMU WA UFUNDI AANDALIWEJE?

Kutokana na historia hii yaonekana maandalizi ya mwalimu wa ufundi yana nguzo zisizopungua 4.

(a) Stadi yenyewe. Awe amefanya kazi kiwandani au kwenye ujenzi, akapimwa. Asiyewahi kudaiwa mlango na mteja hawezi kumfundisha kijana thamani ya kipimo.

(b) Elimu ya kufundisha. Ajifunze kuigawa kazi moja katika hatua ndogo, kuionyesha kwanza kwa mwendo wake wa kawaida, kisha pole pole kwa maelezo, na kumwachia mwanafunzi aifanye huku yeye mwenyewe mikono yake iko nyuma. Hapa ndipo seremala wetu aliposhindwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

(c) Uendeshaji wa karakana. Usalama wa macho na vidole, hesabu ya mbao na chuma, mpangilio wa vifaa ili kila kimoja kirudi mahali pake jioni. Vituo vingi vya Kanisa vimekufa kwa kukosa mtu wa kuhesabu misumari.

(d) Kurudi kazini mara kwa mara. Mwalimu wa umeme aliyejifunza miaka 20 iliyopita hawezi kufundisha umeme wa jua asipopewa nafasi ya kwenda kujifunza upya.

Haya si ya anasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeleta mkondo wa elimu ya amali katika shule za sekondari, na utekelezaji wa mitaala mipya ulianza mwezi wa Januari mwaka 2024. Dodoma, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2018 na kufikiwa na reli ya kisasa mwaka 2024, inajengwa kila upande. Shule zetu za dayosisi nazo zimo katika mageuzi hayo. Ni rahisi kuandika barua ya kuomba mashine kwa washirika wetu wa ng'ambo, na mashine zitakuja, kama matrekta yalivyokuja Kongwa.

9. HITIMISHO

Wanafunzi wa theolojia wanaosoma ukurasa huu watakuwa wenyeviti wa bodi za vituo vya ufundi kabla nywele zao hazijageuka mvi. Watakaa mezani na bajeti moja ndogo, na watachagua kati ya mashine ya pili na karo ya fundi mmoja kwenda kusomea ualimu wa ufundi. Nimeandika ili siku hiyo wakumbuke barabara ya Mpwapwa, matrekta ya Kongwa, na seremala mmoja aliyeondoka kwa aibu isiyokuwa yake.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta seremala huyo Dodoma mjini, katika karakana yake. Alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti alichokichonga mwenyewe. Nilimwomba radhi. Akacheka kidogo, akaniambia kwamba anaye kijana mmoja, mtoto wa dada yake, na kwamba sasa anajizuia kumnyang'anya randa. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akajibu kwamba alijifunza kwa kuwapoteza wale wa kwanza.

Kanisa halina ruhusa ya kuendelea kuwaandaa walimu wake kwa njia hiyo. Mungu aliyemjaza Bezaleli roho ya hekima ya kuchonga alitia pia moyoni mwake uwezo wa kufundisha, wala hakuiacha karama ya pili ijitokeze yenyewe kutokana na ile ya kwanza. Sisi nasi tusiiache.